Mashine ya Akoth Iliyobaki Kwenye Boksi

Nyinyi vijana mnaonunua utoto wa watu wengine ukiwa umefungwa kwa nailoni, kaeni chini niwaambie kitu. Simu wekeni mezani, uso wake ukiangalia chini. Sitawaambia nilizaliwa wapi wala baba yangu alikuwa na ng'ombe wangapi, hayo hayatawasaidia. Shule niliiacha mapema, na haya nayaandika jinsi ninavyoongea, kwa hiyo mkikuta neno limekaa vibaya, lisukumeni kidogo mpite. Nataka kuwaambia mwaka mmoja tu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, mwaka niliokaa Nyalenda katika chumba cha mabati na mwanamke anayeitwa Akoth, tukichezesha watoto gemu za televisheni. Nimeukumbuka kwa sababu Akoth tumemzika. Na pia kwa sababu mjukuu wangu Lavenda anauza gemu za sura ileile mjini Kisumu, na mimi na yeye nusura tukosane juu ya boksi moja.

Baada ya mazishi, siku ilipofika ya kugawa vitu vya marehemu, ile sisi Wajaluo tunaita keyo nyinyo, tulikusanyika nyumbani kwake nyuma ya soko la Otonglo. Vitu vilikuwa vimepangwa juu ya mkeka: sufuria zenye matako meusi, leso, jembe, redio, koti zito la mume wake ambalo Akoth alilivaa asubuhi akienda kukamua. Aliyegawa ni Mama Dorka, mke wa kaka mkubwa wa mume wake, mwanamke ambaye hata akikusalimia unahisi umechelewa mahali. Akamwita mtoto wa kwanza wa Akoth. "Odhiambo, koti hili ni lako. Vaa." Odhiambo akasema, "Mama, si unaona jua?" Mama Dorka akamwangalia. "Nimekupa wewe ama nimepa jua?" Mtu mzima na ndevu zake akavaa koti la baridi saa sita ya mchana, jasho likamshuka mpaka kidevuni, na watu walicheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Mama Dorka yeye hakucheka. Alisema, "Kitu cha marehemu hakikai juu ya kabati. Jembe lilime, sufuria ipike, koti livaliwe. Hutaki kukitumia, sema nimpe mwingine." Ndipo akainama akatoa boksi lililofungwa ndani ya leso kuukuu, akalishika mbali na mwili kama mtu aliyeshika kuku wa jirani. "Hii sijui ni nini. Lakini marehemu aliniambia akiwa na akili zake zote kwamba si yake. Ni ya Plister." Plister ni mimi. Nikafungua leso. Picha ya ndege ya vita kwenye boksi ilikuwa imepauka, lakini nailoni ya juu ilikuwa bado inang'aa, haijawahi kukatwa. Lavenda, aliyekuja kunibebea mkoba, aliacha kutafuna. "Yawa, Dani," akasema polepole. Dani ndivyo wajukuu wetu wanavyotuita sisi bibi zao.

Tulipofika kwangu Nyamasaria, Lavenda alipangusa meza mara mbili kabla ya kuniruhusu niweke boksi langu mwenyewe juu ya meza yangu mwenyewe. Akalipiga picha mbele, nyuma na pembeni bila kuligusa, akaanza kuandikiana na watu kwenye simu. Chai ilipoa mbele yake. Kisha akaniambia kuna mtu ng'ambo ambaye amekuwa akitafuta mashine hii ya gemu miaka yote, aina hii hasa iliyokuwa ikiuzwa pande zetu, na nailoni ikiwa nzima atalipa bei ambayo siitaji hapa, kwa maana mtaacha kunisikiliza mbaki mnaiwaza. "Na akiipata ataifanyia nini?" nikamuuliza. "Ataiweka, Dani." "Wapi?" "Ndani ya kabati la kioo, na taa ndogo juu yake." "Atacheza siku gani?" "Hatacheza. Akifungua tu, bei inaanguka." Nikamwambia huyo mtu ni mgonjwa. Lavenda akacheka, lakini macho yake hayakucheka, na mimi mjukuu wangu ninamjua. Kibanda chake mjini anakigawana na kijana anayeuza makava ya simu. Upande wake hautoshi hata kugeuka. Amekuwa akitamani duka lenye mlango wake, mlango unaoangalia barabara. Boksi hili ndilo lingekuwa mlango. "Si bei peke yake, Dani. Watu wa hii kazi watajua Lavenda wa Kisumu ndiye aliipata. Wakitafuta kitu huku, watanitafuta mimi." Hayo hayakuwa maneno ya mtoto mjinga, na mtu akiongea kwa akili mimi simkatizi. Nilimwambia nitampa jibu Jumapili tukitoka kanisani, na kabla ya hapo mtu asiguse boksi, yeye wala mimi.

Sasa mwaka wenyewe. Chumba kilikuwa kimoja, tukakigawa kwa pazia la maua. Nyuma ya pazia kitanda chetu, sanduku langu na sanduku la Akoth. Mbele ya pazia televisheni ya nyeusi na nyeupe juu ya kreti la soda, na benchi moja la ubao lililokuwa linachezacheza mguu, tukaliwekea kipande cha kigae. Umeme ulikuja kwa waya uliovutwa kutoka kwa mwenye nyumba. Mashine na televisheni Akoth alivipata kwa familia moja ya Milimani aliyokuwa akiifulia nguo. Walihama, vitu vilikuwa vingi kuliko gari, wakamwachia. Akaja navyo Nyalenda juu ya mkokoteni, akasimama mlangoni kwangu. "Plister, wewe unakaanga samaki, mimi nina televisheni. Watoto wakija kuangalia watakula, wakija kula wataangalia." Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yetu yote. Mimi nilikaa nje ya mlango nikikaanga mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki viwanda vikishachukua nyama, na ndani Akoth alikuwa kama mwalimu mkuu asiyekuwa na kiboko. Alikuwa na amri mbili tu. Ya kwanza, osha mikono. Karai la maji na kipande cha sabuni vilikaa mlangoni, na aliyepita na mafuta ya samaki vidoleni alirudishwa hata kama foleni ilikuwa imemfikia. Ya pili, ukishindwa, inuka. Padi, vile vya kushika na kubonyeza, zilikuwa mbili, benchi lilikuwa moja, watoto walikuwa Nyalenda nzima. Unakaa, unacheza, ukishindwa unainuka unampisha mwenzako, na wewe unarudi mwisho. Mtoto wa chifu aliinuka. Mtoto mwenye njaa aliinuka. Hakuna aliyesema nipe nafasi nyingine, kwa sababu nafasi nyingine ilikuwa tayari ni ya mtu, na mtu huyo amesimama hapo nyuma yako anapumua shingoni mwako. Gemu iliyopendwa ilikuwa ya vifaru, wawili mnalinda nyumba moja ya matofali. Akoth aliwafundisha kutangaza kama mpira wa redioni, na aliwaambia hata rangi. "Kifaru cha Otis ni kijani." Mtoto mmoja siku moja akamuuliza, "Akoth, wewe umejuaje na hii televisheni haina rangi?" Akamjibu, "Mwenye televisheni ni nani?" Kifaru kikabaki kijani mwaka mzima. Hakuna aliyebisha tena.

Mchana chakula chetu kilikuwa ugali na omena, au ugali na ile migongo iliyovunjika ambayo haikununuliwa, na tulikula nyuma ya pazia tukisikiliza watoto mbele na wanawake wa ploti ya pili nyuma, maana mabati hayafichi neno. "Wale wawili wanapea watoto nini mle ndani?" mmoja anauliza kule mferejini. "Sinema ya shetani." "Shetani gani anaosha watoto mikono?" Akoth alikuwa anafinyanga tonge, akaweka kidole mdomoni nisicheke. Lakini kuna aliyekuwa hachezi. Mama Yunia, kiongozi wa akina mama kanisani kwetu, alikuwa na watoto wawili waliokuwa wakisahau njia ya nyumbani kila wakipita kwetu. Siku moja alikuja na leso imefungwa kiunoni, na ukiona mwanamke wa Nyalenda amefunga leso hivyo, ondoa vyombo vya udongo. Akasimama mlangoni. "Akoth! Ama unafunga hii kitu leo, ama naenda kwa chifu." Mimi moyo wangu ulishuka hadi kwenye karai la mafuta, kwa maana bila watoto wale samaki wangu ningemuuzia nani? Akoth hakuinua sauti. Alisema, "Mama Yunia, karibu. Lakini huwezi kushtaki kitu hujakionja. Osha mikono." Na mama wa watu, kwa vile ameambiwa aoshe mikono, akaosha, mtu ni mtu wa desturi. Akakalishwa kwenye benchi karibu na mtoto wake mwenyewe, akapewa padi. Raundi ya kwanza aliifyatulia risasi nyumba yake mwenyewe ya matofali ikabomoka. Watoto wakapiga kelele, "Inuka, Mama!" Akasema, "Niinuke niende wapi?" "Umeshindwa! Aliyeshindwa anainuka!" Akawaambia yeye ni mtu mzima, hainuliwi na watoto. Akoth akamwambia kwa upole kabisa, "Mama, hapa hata mtoto wa chifu anainuka." Mama Yunia akainuka, akajipangusa sketi. Nilidhani sasa anaelekea kwa chifu. Akaenda mwisho wa foleni akasimama. Tangu siku hiyo alikuja kila wiki, akisema anakuja kukagua kama watoto wanaharibika.

Mashine ile ilikufa kwa kupendwa. Ninyi wa Kisumu mnajua wadudu wa ziwa, jinsi wanavyoinuka juu ya maji kama moshi, upepo ukawaleta mjini, na jioni wanatafuta taa. Mwaka ule walikuja kwa wingi, na chumba chetu kilikuwa na taa moja kubwa, ile televisheni. Waliingia kwa mlango, kwa dirisha, kwa kila tundu la msumari. Mafuta yangu yaligeuka uji. Televisheni ilivaa manyoya. Watoto walicheza midomo ikiwa imefungwa, wakitangaza vifaru kwa pua. Akoth aliogopa wadudu wasiingie ndani ya mashine, basi akachukua leso mpya, akaikunja mara mbili, akaifunika mashine pamoja na kile kichwa cha waya kinachoingia ukutani, akazibaziba kila upande kama mama anayefunika mtoto mchanga asipigwe na baridi. Mimi mwenyewe nilimletea leso ya pili. Watoto wakaendelea. Baadaye kidogo tukasikia harufu. Mimi nilidhani ni samaki wangu, Akoth alidhani ni samaki wangu, kila mtu alidhani ni samaki wangu. Tulipofunua leso, plastiki ilikuwa imelegea kama mshumaa na picha ikakatika hapohapo. Hakuna mdudu hata mmoja aliyekuwa ameingia. Ilikuwa safi kabisa, na imekufa. Akoth aliketi kwenye benchi tupu akaiweka mapajani. Otis, yule wa kifaru cha kijani, akauliza, "Sasa ni nani ameshindwa?" Watoto walikuja siku chache wakasimama tu mlangoni, wakaosha mikono kwenye karai bila sababu, wakaenda.

Ilichukua muda kupata nyingine. Akoth alimtuma mfanyabiashara wa njia ya Busia, na mashine ilipofika, mpya ndani ya nailoni yake, mimi nilikuwa tayari nimeolewa huku Nyamasaria na tumbo liko mbele. Akoth alikuja nayo hadi kwangu, akaiweka mezani. Alisema yeye hawezi kuifungua peke yake kwa sababu padi ni mbili. Tukasema tutaifungua nikishajifungua. Halafu mtoto akawa anaumwa tumbo, tukasema Krismasi. Krismasi wageni wakawa wengi, tukasema Pasaka. Akoth akahamia Otonglo kuuza nguo, akaolewa huko, akaondoka na boksi, akaniambia, "Ninakuwekea tu, mimi si mwenyewe." Kila tulipoonana, kwenye matanga, kwenye harusi, sokoni, mmoja wetu alisema, "Tutaifungua lini ile kitu?" na mwingine akasema, "Mahindi yakishavunwa." Hatukuwa tunatunza hazina. Hakuna siku tuliwahi kusema hii itakuja kuwa na bei. Tulikuwa na shughuli, basi. Kwa hiyo Lavenda aliponionyesha kwenye simu kile mnunuzi wake anachotaka kulipia, niliona wazi: anachonunua ni kuchelewa kwetu, mimi na Akoth. Nailoni ile ni mahindi yaliyovunwa mara thelathini.

Kabla ya Jumapili nilifanya jambo moja. Nilienda mjini nikakaa kibandani kwa Lavenda toka asubuhi, kiti changu karibu na makava ya simu, nione kazi anayoifanya. Sikwenda kumdharau. Nimeuza samaki, nimeuza nyanya, nimeuza mitumba, nikiona biashara naijua. Vile vimashine vyake vya siku hizi ni vidogo, vinaingia kwenye kiganja, vimetengenezwa jana lakini vimevaa sura ya zamani, na ndani ya kimoja kuna gemu nyingi kuliko tulizowahi kuziota. Wanaonunua si watoto. Ni wanaume wenye vitambi na funguo za gari, ni akina mama wa ofisi wenye kitambulisho shingoni. Wanakuja wakiwa na haraka, wanashika padi, na uso unalegea. Mmoja alibonyeza bonyeza bila hata waya kuunganishwa, akasema, "Kwetu Kondele tulikuwa kumi na mbili kwa moja." Akanunua, kikafungwa vizuri, akaenda nacho peke yake. Nilimfuata kwa macho mpaka akaingia kwenye gari. Nikamwambia Lavenda, "Huyo atarudi." "Akirudi si ni vizuri, Dani?" "Atarudi akisema ni mbovu. Na haitakuwa mbovu. Amenunua mashine na alichokosa ni wale kumi na moja." Lavenda alikuwa akipanga maboksi yake. Kisha akasema, "Sasa mimi nitamuuzia watu?" Nikamwambia, "Utaweka benchi."

Alicheka mpaka kijana wa makava akageuka. Lakini alikuwa ameudhika, na mjukuu wangu akiudhika anakuwa na adabu zaidi. Jioni nyumbani alichomeka kimoja cha vile vidogo kwenye televisheni yetu ya ukutani. "Dani, hebu njoo. Gemu ya vifaru imo humu, ileile. Cheza hii roho yako itulie, na ile ya Akoth tuiache kama ilivyo. Kila mtu amepata." Nikakaa. Kweli ilikuwa ileile, matofali yaleyale, na mlio uleule unaoanza kabla ya vita, mpaka nikanusa samaki. Na sasa kulikuwa na rangi. Kifaru cha Otis kilikuwa cha njano. Nilikiangalia sana. Nikamwambia Lavenda mashine yake imekosea, kifaru hicho ni kijani. Tukacheza, vidole vyangu vikawa vigumu, nikabomoa nyumba yetu kama Mama Yunia. Nikaweka padi chini, nikaanza kuinuka. "Unaenda wapi?" Lavenda akauliza. "Nimeshindwa." "Kaa, Dani! Huku mtu hashindwi." Akabonyeza kitu, na nikaona matofali yanarudi ukutani, risasi inarudi ndani ya bunduki, kifaru changu kinatembea kinyumenyume mpaka pale kilipokuwa kabla sijakosea. "Ukikosea unarudisha nyuma. Unaweza kurudisha hata mara mia." Nikamwangalia. "Na mwenzako atacheza saa ngapi?" Lavenda akaangalia padi yake. Akasema polepole, "Mwenzako ananunua yake."

Hapo ndipo tuliongea ukweli, na sitaficha kwamba naye aliongea vizuri. Aliniambia, "Dani, hata picha ya marehemu tunaitia kwenye fremu. Mbona hiyo husemi itumike?" Nikamwambia kazi ya picha ni kuangaliwa, na kazi ya padi ni kushikwa, Mama Dorka hakumwambia Odhiambo aliangalie koti. Akasema vitu vya zamani vinaisha duniani, kama hakuna watu wa kuvifungia, watoto wa kesho wataona nini? Nikamwambia nitakujibu kama mfanyabiashara. Huyo mnunuzi wako wa ng'ambo analipa kwa sababu aliwahi kukaa kwenye benchi mahali. Siku yeye na wenzake wakimalizika, nani atalipia ukumbusho wa mtu asiyemjua? Vyote vilivyo kwenye kioo vitakuwa plastiki. Lakini mtoto aliyecheza na wenzake kibandani kwako leo, akaoshwa mikono, akashindwa, akainuka, huyo atakuwa na miaka arobaini siku moja, naye atakuja na kitambi chake na funguo zake kutafuta hicho kimashine. Vimashine vyako vina kesho, nasema hivyo bila wasiwasi wowote, na mlango wa barabarani utaupata, mimi nitakuwepo nikiwa hai. Ila watu wa kukununulia baadaye lazima uanze kuwakalisha sasa. Lavenda aliniambia ninaongea kama mwenye duka. Nikamwambia duka langu lilikuwa kubwa kuliko lake, lilikuwa na pazia. Siku mbili hakuongea nami isipokuwa kuniuliza kama nimekunywa dawa.

Jumapili tulitoka kanisani, nyumba ikajaa, mwanangu na mkewe, Lavenda na wadogo zake, na watoto wa jirani ambao husikia harufu ya pilau kupitia ukutani. Boksi lilikuwa mezani juu ya leso ya Akoth. Nilimwita Lavenda mbele ya wote nikamwambia, "Boksi lenyewe na karatasi zake ni vyako, kuna mjinga mahali atanunua hata boksi tupu." Akasema kwa sauti ndogo, "Wako, Dani. Wengi." "Basi uwauzie. Kilichomo ndani ni changu na Akoth, na mimi nimechelewa vya kutosha." Alikuwa na machozi, na sikumwambia ayafute. Alienda nje bila kutumwa. Aliporudi, yeye na mwanangu walikuwa wamebeba benchi lile la ubao tunalokalia tukikoboa mahindi, akaliweka mbele ya televisheni, akalikagua mguu, akatafuta kigae akaliwekea. Kisha akatoa mfukoni kidude cha kuunganisha mashine ya kale na televisheni ya siku hizi. Alikuwa amekinunua Ijumaa, siku ambayo alikuwa haongei nami.

Nje pikipiki ikapiga honi. Nilikuwa nimeituma Nyalenda tangu asubuhi, na sasa ilikuwa imesimama langoni ikimshusha Mama Yunia, mzee kabisa, fimbo mkononi, leso kiunoni, akiuliza kwa sauti ni nani anaharibu watoto siku ya Bwana. Nikageukia watu wa nyumba yangu nikawaambia hivi: "Lavenda, leta kisu cha samaki ukate hiyo nailoni, na ile leso kaitundike mbali, mtu asifunike mashine hii na kitu chochote. Wengine wote kwenye karai, osheni mikono. Padi ya kwanza ni ya Mama Yunia. Mtu asimhurumie kwa sababu ya miguu yake, na akishindwa, mwambieni ainuke."